Mtoto Aliyechorwa Wima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Afrah alimvalisha mdogo wake Nawaf viatu. Cha kushoto kilikuwa kazi rahisi. Cha kulia kilitaka subira, kwa sababu ndani yake mama yao, Bi Kaltum, alikuwa ameshona kipande cha godoro ili kisigino cha mtoto kisionekane kinaning'inia. Mguu wa kulia wa Nawaf ulikuwa mwembamba na mfupi kuliko wa kushoto tangu azaliwe. Alivalishwa suruali ndefu hata siku za jua kali, kisha akakalishwa dukani kwa baba yake, nyuma ya meza ya vitenge, mahali ambapo wateja walimwona kichwa na mabega tu.

Nawaf alikuwa na miaka saba na hakuwa akisema. Alisikia, alielewa, alicheka, lakini neno halikumtoka. Hilo halikufichwa na mtu. Mguu ndio haukutajwa. Mgeni akiuliza, "Mbona mutoto anatembea vile?" Bi Kaltum alijibu, "Amechoka tu," kisha akaenda kuleta chai. Alikuwa mcha Mungu, na mama yake alimfundisha kwamba kumsitiri ndugu yako, yaani kufunika aibu yake isionwe na watu, kuna thawabu kubwa. Basi alimsitiri mwanawe, na Afrah akajifunza kumsitiri vilevile. Sisi watu wa mtaa wa Bwiza tunaishi ukuta kwa ukuta, jirani akikaanga pilipili anayekohoa ni wewe, kwa hiyo sitadanganya nikasema hatukujua. Tulijua wote. Tulinyamaza kwa adabu, na adabu hiyo ikatuponza.

Miaka yenyewe ilikuwa ya vita. Shule ilifunguliwa wiki hii ikafungwa wiki ijayo. Ilipofunguliwa, Alhamisi saa ya mwisho ilikuwa ya Mwalimu Adrien na somo la kuchora. Alikuwa kijana wa mtaa wa Nyakabiga, mkavu wa maneno, mtu ambaye akikusifu leo unasubiri mwezi mzima akusifu tena. Masomo mengine aliyafundisha kwa Kirundi na Kifaransa kama ilivyotakiwa, lakini somo la kuchora alilifundisha kwa Kiswahili chetu cha mtaani.

Mwanafunzi mmoja alipanda juu ya benchi akajifanya amebeba beseni la ndizi, au anavuta kamba, au anapiga mpira. Wengine walimchora haraka haraka kwa makaa, nyuma ya karatasi za kalenda za zamani. Mwalimu akipiga makofi, makaa chini.

Kila mtu alikuwa na njia yake. Afrah alichora ganda la mtu. Alianza utosini, akafuata ukingo wa kichwa, sikio, shingo, kola ya shati, polepole, bila kuinua mkono. Makofi yalipopigwa alikuwa na kichwa cha kupendeza na bega moja. Khadidja, rafiki yake wa benchi moja, alianza na mifupa: duara la kichwa, kijiti cha mgongo, vijiti vya mikono na miguu, na nukta kwenye magoti. Mtu wake alikuwa mzima na vipimo vyake vilikuwa sawa, ila alisimama kama ufagio. Massoudi naye alikoroga. Alilaza kipande cha makaa akakizungusha hapo hapo, palipo pazito akazidisha, mpaka karatasi ikachafuka kama sakafu ya gereji.

"Massoudi anachora tope," Khadidja alisema.

"Tope lenye mutu ndani," Massoudi alijibu. "We unachora kuni."

"Afadhali mimi na kuni zangu. Afrah watu wake wote hawana miguu."

Darasa likacheka. Afrah hakucheka. Aligeuza karatasi yake chini juu.

Mwalimu Adrien alizibandika picha tatu ubaoni, akazitazama kwa muda.

"Kila mmoja amepata kitu na amepoteza kitu," alisema. "Ganda linanionyesha nguo za mtu. Mifupa inanionyesha vipimo vyake. Makorogo haya yananionyesha kwamba beseni ni zito kweli. Lakini hakuna aliyeanza na swali la kwanza."

"Swali gani, Mwalimu?" Khadidja aliuliza.

"Uzito wake umeangukia wapi. Tazama kwanza, karatasi usiiguse. Ukishajua ni mguu gani unaombeba, vuta mstari mmoja toka utosini mpaka kwenye mguu huo. Mstari huo ukiwa wa kweli, mtu umempata. Nguo utamvalisha baadaye, na nafasi ikibaki."

Afrah alisikia lakini hakuona faida yake. Nyumbani alichora taratibu, bila makofi ya mtu, na picha zake zilibandikwa dukani. Wateja walizisifu. Katika picha hizo kila mtu alisimama wima. Hata jirani yetu mmoja mzee, aliyepinda mgongo, alipoomba achorwe, Afrah alimnyoosha kama mlingoti, na mzee akafurahi akampa peremende. Kwa Afrah, kuchora vizuri na kusitiri vilikuwa kitu kimoja.

Kisha ikaja siku mbaya. Asubuhi, Bi Kaltum alikwenda sokoni na Nawaf. Risasi zikasikika upande wa chini, halafu karibu zaidi, na soko zima likakimbia kwa pamoja. Bi Kaltum alimshika mwanawe mkono, akasukumwa, akaanguka kwenye magunia ya maharage, na alipoinuka mkono wake ulikuwa mtupu. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Lakini Nawaf hata angesikia, angeitika na nini?

Walimtafuta mitaani, msikitini, hospitalini, na penginepo ambapo sitapataja, kwa sababu mzazi hapaswi kutafuta mtoto mahali kama pale. Hawakumpata. Mwishoni mwa wiki mtu mmoja akaleta habari kwamba siku ile lori liliokota watu waliokimbilia kaskazini, watoto wakiwamo, likawashusha mahali walipokusanyika wakimbizi upande wa Carama. Mahali kama hapo palikuwa kadhaa. Malango yote yalilindwa, kwa kuwa waliokuwa ndani waliogopa kila mgeni, na walikuwa na sababu. Anayetafuta mtu aliacha picha langoni, mtu wa ndani akaizungusha.

Picha ya kamera ya Nawaf ilikuwapo moja tu, ya alipokuwa mchanga, amefungwa shali, amefumba macho.

"Nitamchora mimi," Afrah alisema.

Alimchora mchana kutwa. Alianza utosini akashuka kwenye sikio, shingo, kola, vifungo vya shati, kimoja kimoja. Alichora suruali imenyooka, na chini yake viatu viwili sambamba kama vimepangwa mlangoni. Bi Kaltum alipoiona alilia.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema. "Umemtunza mdogo wako."

Baba yao, Mzee Haitham, aliikunja ile karatasi vizuri akaitia mfukoni, akapita vizuizi vya barabarani mpaka Carama. Langoni alimkuta mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge kiunoni, mikono ina unga. Aliitwa Mama Daphrose, na ndiye aliyewagawia watoto uji.

"Hasemi," Mzee Haitham alimwambia. "Jina lake Nawaf, lakini hawezi kulitaja."

"Baba, watoto wasiosema hapa ni wengi," Mama Daphrose alisema. "Waliyoyaona yamewafunga midomo. Ana alama yoyote mwilini?"

Mzee Haitham alisita kidogo tu.

"Hana. Ni mutoto muzima kabisa."

Mama Daphrose aliingia na picha, akakawia, akatoka nayo.

"Apana, baba. Mutoto huyu hayupo hapa. Pole sana."

Malango mengine yalitoa jibu lile lile. Mzee Haitham alirudi nyumbani na karatasi yake, akaiweka juu ya meza ya vitenge. Siku zilizofuata Bi Kaltum aliacha kula. Alikaa mlangoni akitazama miguu ya wapita njia. Afrah alimletea chai, ikapoa, akaimwaga, akaleta nyingine. Nyumba yenye maombolezo ina matanga na watu wa kuja kukupa pole. Nyumba hii haikuwa na hata hilo, kwa sababu hakuna aliyejua kama mtoto ni hai au amekufa.

Shule ilipofunguliwa tena, Mwalimu Adrien alimbakiza Afrah darasani baada ya wenzake kutoka. Alikuwa amesikia. Aliomba aione ile picha, na Afrah akaitoa katikati ya kitabu.

"Umechora kwa uangalifu," Mwalimu alisema. "Huyu ni nani?"

"Ni Nawaf, Mwalimu."

"Nawaf namjua. Nilinunua kitambaa kwenu, nikamwona akivuka ua. Huyu siye."

Afrah alinyoosha mkono aichukue picha yake.

"Mtoto huyu amesimama kwa miguu miwili sawasawa," Mwalimu aliendelea, kwa sauti ya chini. "Nawaf anasimama kwa mguu gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Afrah swali hilo. Alihisi kama amevuliwa kitambaa cha kichwa mbele za watu.

"Sisi hatusemi hayo, Mwalimu."

"Sikukuambia useme," alijibu Mwalimu Adrien. "Mchore tu."

Alasiri ile Khadidja alimfuata nyumbani. Wakakaa uani na makaa na karatasi. Afrah alijaribu mifupa kama Khadidja. Vipimo vilikuja sawa, mguu mmoja mfupi, mmoja mrefu, lakini mtoto hakuwamo. Alijaribu kukoroga kama Massoudi. Likatoka donge zito ambalo lingeweza kuwa mtoto yeyote. Ganda hakulijaribu tena, lilikuwa limekwisha kumdanganya.

"Mtazame kwanza," Khadidja alisema. "Mwalimu si alisema tutazame?"

"Nitamtazama wapi, Khadidja? Yuko wapi nimtazame?"

Akaanza kulia. Khadidja hakujua la kufanya, akashika ile karatasi na kuiachia. Baada ya muda Afrah alifuta machozi, akaweka makaa chini, akasimama. Aliinua kisigino cha kulia. Aliukandamiza mkono wa kulia juu ya paja, kama Nawaf alivyofanya kila aliposimama, ili mguu usikunjike. Mara bega la kulia likashuka lenyewe. Kichwa kikaenda upande wa pili ili asianguke, na mkono wa kushoto ukainuka hewani bila kuambiwa. Mguu wa kushoto ulibeba kila kitu, na paja lake likaanza kutetemeka. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu kuuzunguka ua. Miaka yote hiyo aliishi na Nawaf na hakujua kama kusimama tu kulimchosha kiasi hicho.

"Afrah."

Bi Kaltum alikuwa mlangoni. Alivuka ua kwa haraka, akampiga kofi la shavu.

"Mutoto amepotea, na we unamuigiza uani? Unamucheka mudogo wako mbele ya watu?"

Kwetu hakuna utovu wa adabu unaozidi huo. Mtoto anayeigiza kilema huambiwa atapata chake. Khadidja alirudi nyuma mpaka ukutani. Afrah hakujitetea. Alipiga magoti huku shavu linamwaka, akachukua makaa, akavuta mstari mmoja. Ulianza utosini ukapinda shingoni, ukapita ubavuni ukiwa umejikunja kama mundu, ukaja kuishia kwenye kisigino cha kushoto. Akaongeza mkono juu ya paja. Akaongeza mkono ulioinuka. Mguu mwembamba, ncha ya kidole tu inagusa ardhi. Uso hakuuchora. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kunywa maji.

Bi Kaltum alinyoosha mkono ili aichane karatasi ile. Mkono ukafika kwenye karatasi na hapo ukatulia. Akakaa chini vumbini, bila kujali nguo zake safi.

"Huyu ndiye," alisema.

Alipitisha kidole kwenye ule mstari, taratibu, asiuguse sana usije ukafutika.

"Watu wakiiona hii watajua," alisema tena.

"Ndiyo, Mama."

"Watasema Kaltum amezaa kilema, amemficha."

Afrah alitafuta jibu la adabu, akalikosa. "Bila hii hawatamjua, Mama."

Bi Kaltum alikaa hapo mpaka adhana ya jioni. Kisha akaenda kwa mumewe na kumwambia kwamba kesho picha hiyo ataipeleka yeye mwenyewe.

Walikwenda watatu. Kwenye kizuizi cha mwisho siku hiyo wanaume walisimamishwa, Mzee Haitham akabaki kando ya barabara, na Bi Kaltum na binti yake wakaenda peke yao hadi langoni. Mama Daphrose alitoka na ndoo mkononi. Afrah aliikunjua karatasi.

"Dada yangu," Bi Kaltum alisema, "natafuta mwanangu. Ni kiwete. Muguu wake wa kulia ni mufupi, toka nimuzae."

Ilikuwa mara ya kwanza Afrah kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwa mama yake.

"Mama, wanaochechemea hapa pia ni wengi," Mama Daphrose alijibu kwa huruma. "Watu wametembea pekupeku mpaka nyayo zikapasuka. Nitamjuaje wako?"

Afrah alimpa karatasi. Mama Daphrose aliitazama, na ndoo akaiweka chini.

"Huyu namjua," alisema. "Anasimama hivi hivi kwenye foleni ya uji. Mkono huu pajani, huu juu." Kisha uso wake ukakunjamana. "Lakini huyu hasemi, na kuna baba alitafuta mutoto asiyesema, akaja na picha. Ya mutoto amesimama sawa."

"Ni mume wangu," Bi Kaltum alisema.

"Niliizungusha picha ile kila hema, mama. Hata huyu nilimwonyesha, kwa kuwa naye hasemi. Aliishika, akaitazama sana. Akanirudishia."

Bi Kaltum alishika nguzo ya lango. Afrah alitamani ardhi immeze. Siku zote zile mama hali wala halali, mtoto alikuwa hapa. Picha yake aliishika kwa mikono yake miwili, na hakujiona ndani yake.

Mama Daphrose aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amemshika mkono Nawaf, amekonda, hana viatu, suruali imekatwa magotini na mtu fulani ili isimkwaze. Hakuwaona mara moja, kwa maana Mama Daphrose alikuwa amemwinamia akimwonyesha karatasi mpya. Nawaf aliitazama. Akaweka mkono pajani, kama kwenye picha. Kisha akajigusa kifuani kwa kidole, akamtazama Mama Daphrose kuona kama ameelewa. Ndipo akamsikia mama yake akilia, akageuza kichwa.

Sitaeleza yaliyofuata pale langoni. Mwenye mama anayajua.

Waliporudi barabarani, Afrah alibaki nyuma, akitembea kichwa chini. Mama yake alimsubiri.

"Mama, nisamehe. Ningemchora kweli toka mwanzo, angekuwa nyumbani zamani."

"Kosa si lako peke yako, mwanangu. Ulichora nilichokufundisha," Bi Kaltum alisema. "Sikiliza nikuambie, na mimi nimejifunza jana kwa hiyo sitasema vizuri. Kusitiri ni kufunika kosa la mutu, apate nafasi ya kutubu. Nawaf amekosa nini? Muguu wake si kosa. Nilidhani ninamufunika yeye, kumbe najifunika mimi, nisisemwe. Mtu ukimpenda, mutazame alivyo. Ukimusema, museme alivyo. Ukimunyoosha ili upate sifa, siku akipotea hutakuwa na cha kumutafutia."

"Ndiyo, Mama."

"Na usiache kuchora."

Mbele yao palikuwa na kizuizi ambako Mzee Haitham alikuwa akisubiri, na askari na foleni ya watu wenye mizigo, wengine tunaofahamiana nao kabisa kutoka Bwiza. Mbali upande wa milimani risasi zilikuwa zimeanza tena. Bi Kaltum alimfunga Nawaf mgongoni kwa kitenge, ingawa umri huo ulikuwa umempita. Miguu yake miwili ikaning'inia wazi kiunoni mwa mama, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Watu kwenye foleni waligeuka kutazama. Bi Kaltum aliwasalimia mmoja mmoja kwa jina, na kitenge hakukivuta chini.